Mtu Aliyekubali Bei ya Kwanza

Jambo lote lilitugharimu mbuzi dume mmoja, kuku wawili, chupa tatu za mafuta ya upako, siku tisa za kibanda changu kufungwa, nauli za boda ambazo nilizihesabu mara mbili na mara zote mbili zikanikasirisha, na jozi moja ya buti nyeusi namba tisa. Mbuzi na kuku alilipa ndugu yake. Mafuta walichanga majirani. Buti nilizinunua mimi, kwa bei ambayo siku ile niliipigia vigelegele moyoni, na mpaka leo ndizo ghali kuliko vyote.

Mwenye buti sitamtaja jina. Sifichi kitu, ni kwamba kwa miaka kumi na nne tuliyokaa kibanda kwa kibanda pale soko la Owino, Kampala, sikuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa Afande, basi. Askari magereza wa Luzira mpaka alipostaafu, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye shingo ya kuangalia juu ya ukuta. Wenzake walimuaga kwa kumpa saa ya ukutani. Siku yake ya kwanza sokoni aliiweka juu ya meza, akaiuza kabla ya saa nne, halafu akasema, "Muda wa serikali umekwisha. Sasa tuanze kuuza viatu."

Mimi nauza mapazia na mashuka ya mtumba. Watu wetu ni Wanubi. Mababu walikuja na bunduki za Mwingereza, bunduki zikachukuliwa, sisi tukabaki na Kiswahili, kahawa yenye tangawizi, na ubishi. Soko zima linaongea Kiganda. Afande alikijua cha kununulia matoke tu, kwa hiyo alipogundua kwamba jirani yake wa mkono wa kulia anaongea lugha ya kambi, alivuta kiti chake upande wangu na hakukirudisha tena. Aliniita Hajati, ingawa mbali kabisa nilikowahi kusafiri ni Bombo, mwendo wa saa moja kwa gari.

Viatu vyake alivipanga kijeshi. Mguu wa kushoto juu ya meza, wa kulia chini, ndani ya gunia, maana mwizi wa kiatu kimoja bado hajazaliwa. Asubuhi alihesabu vya kushoto, kisha vya kulia. Jioni hivyo hivyo. Mimi pia huhesabu kila kitu mara mbili, lakini mimi nahesabu kwa sababu ya mikono ya wateja. Yeye alihesabu kwa sababu ya lango. "Kule kwetu, Hajati, mtu mmoja akipungua kwenye hesabu, lango halifunguki na chakula hakiivi. Unahesabu mpaka apatikane." Mara moja alipungukiwa mguu wa kulia wa kiatu cha mtoto, akazuia safu yetu yote kufunga mpaka ukaonekana chini ya mashuka yangu. Hakuniomba radhi. Aliandika kwenye boksi: *Wote wapo.*

Kubishana naye bei lilikuwa tamasha. Wenye vibanda tulikuwa tunaacha kazi tusikilize.

"Ssebo, hiki bei gani?"

"Hamsini."

"Hamsini elfu! Kinatembea chenyewe?"

"Kingekuwa kinatembea chenyewe ningekuuzia wewe? Ningekituma benki."

"Ishirini."

"Ishirini nakupa wa kushoto. Wa kulia njoo uchukue ukipata mshahara."

Mteja anacheka, anaondoka hatua nne, anarudi. Afande alikuwa anajua ni hatua ngapi. Akiona mtu kafika ya tano bila kugeuka, alimwita, "Wewe! Rudi nikutukane vizuri!" na wengi walirudi. Alisema bei ni maongezi, na mtu anayekubali bei ya kwanza ama ni mwizi, ama ana haraka ya kwenda mahali ambako viatu havihitajiki. Tulicheka. Nakumbuka mimi nilicheka zaidi.

Misemo yake mingine yote ilitoka gerezani, kama nguo zilizokunjwa sanduku moja. Ule aliourudia kuliko yote ulihusu sabuni. Alisema anayepiga kelele selo hampi wasiwasi, anayelala mchana hampi wasiwasi sana, lakini "mfungwa akianza kugawa sabuni yake, Hajati, usimwache peke yake hata kwenda haja." Sabuni ndiyo pesa ya kule ndani. Anayepigania kipande ana mpango wa kuoga kesho. Anayegawa amekwisha kufunga hesabu. Kwa miaka yote ya kazi, alisema, aliwahi kuwavua mikanda na kamba za viatu watu sita aliowatambua kwa sabuni tu, na wote sita walitoka kwa miguu yao. Mmoja alipita sokoni siku moja akamnunulia soda. Afande alimuuliza kama bado anaoga.

Lakini mtu huyu aliyeona huzuni ya mwizi kwa kipande cha sabuni hakuiona ya mkewe iliyokuwa chumba kimoja naye. Nilimjua mkewe, mwanamke wa maneno machache na vicheko vingi. Chumba chao kilikuwa Bwaise, mahali ambapo mvua ikinyesha mtaro hukutembelea bila kubisha hodi. Maji yakianza kuingia, Afande alipandisha viatu kitandani kwanza, halafu redio, halafu alimpa mkewe mkono. Mkewe alikuwa akinihadithia, "Banange, mimi ni wa tatu! Na siku redio ilipoharibika nikapanda cheo."

Mwaka waliozika mtoto wa siku mbili, yule mama aliketi mbele ya sigiri isiyo na moto, wiki baada ya wiki. Sisi wanawake tuliona mara moja. Alikuwa ameacha kusuka nywele. Tulipeana zamu: huyu kumwogesha, huyu kumsuka, huyu kukaa tu. Afande alikuja kwangu amenuna. "Ana nyumba. Ana mimi. Mfungwa ana sababu, yeye ana nini? Asubuhi nimemwambia, simama tuhesabu!" Nikamuuliza: na mkeo alifanyaje? "Alisimama," akasema. "Akahesabu, akasema mmoja hayupo." Halafu Afande akageuka, akapanga upya viatu vilivyokuwa vimepangwa.

Aliniambia miaka mingi baadaye, bila kuulizwa, kwamba hilo ndilo kosa lake la kikazi. Alisema hivyo: la kikazi. Hakuwa na neno lingine la kosa.

Sasa nitaje habari ya viti.

Mume wangu alipofariki nilikaa eda, miezi minne na siku kumi, na sijawahi kupumzishwa vile maishani. Sikuchota maji, sikupika, sikuuza hata foronya. Wanawake waliingia na kutoka. Niliwahesabu, nikachoka kuwahesabu, na hilo kwangu si jambo dogo. Nililia mpaka mtu akanifundisha kulia kwa zamu ili nisipate kichwa. Kila aliyeingia alijua mimi ni nani siku ile: mtu aliyevunjika, asiguswe.

Mke wa Afande alipofariki kwa presha, mumewe alimpeleka kaskazini kumzika, na aliporudi Bwaise wanaume walikuja kukaa naye siku tatu. Walikaa kweli. Walikoka moto, wakacheza karata, wakazungumza habari za barabara na bei ya mafuta. Kila anayeaga alimpiga bega. "Guma, ssebo. Jikaze. Wewe ni askari." Siku ya nne mwenye viti vya kukodi alifuata mali yake, nami nikamsaidia kuhesabu, ndiyo kazi yangu. Vilikodiwa arobaini. Vikawa thelathini na tisa. Tukahesabu tena, thelathini na tisa. Cha arobaini alikuwa amekikalia Afande, ndani, mlango wazi, mikono magotini. Mwenye viti alitaka kumwinua. Nikamwambia kiache, nitakilipia mimi. Nilikipata kwa elfu kumi na mbili, alikuwa anataka ishirini. Hata pale, mbele ya mtu na msiba wake, nilipunguza elfu nane. Nakwambia ili ujue unaongea na nani.

Alirudi sokoni wiki ile ile. Watu wakasema, huyo ndiye mwanamume.

Kuanzia hapo kila mtu aliona kitu, na kila mtu akakipa jina alilokuwa nalo mfukoni. Sisi wanawake tuna majina kumi ya kitu hicho: mawazo, moyo mzito, roho imekaa chini, pepo, kijicho cha watu, na mengine. Mengi ni ya uongo, lakini angalau ukiwa na jina la uongo mtu anakuja kukuona. Wanaume wana matatu tu: pombe, hasira na mgongo. Afande alipewa yote matatu kwa zamu.

Mgongo ulikuwa wa kwanza, na alijipa mwenyewe. Alinunua dawa ya kuchua, akainuka kitini kwa awamu. Halafu hasira: mteja alimwambia kiatu kina ufa, Afande akakirusha mpaka safu ya sufuria. Mzee wa safu akaja kumsuluhisha, akaondoka akisema ni waragi. Waragi aliinywa kweli, lakini nimeishi karibu na walevi wa kutosha, na mlevi ana siku zake za furaha. Huyu alikunywa kama anayemeza vidonge. Wengine wakasema mtafutieni mke. Akaletwa mjane mmoja, mcheshi, kupitisha chai. Afande alimlipa chai na kumuuzia ndala.

Halafu, mwanzo wa mvua, akaacha kubishana.

Mtu wa kwanza kugundua aligundua kwa bahati tu, mteja aliyesema kumi kwa utani kwenye kiatu cha arobaini, na Afande akasema, "Lete." Mteja alisimama pale kama aliyeshuka ngazi akakuta ngazi imekwisha. Kisha habari zikapita safu hadi safu: kwa Afande leo unataja tu. Wenye vibanda wenyewe tulikwenda. Wakasema amepata pesa ya pensheni. Wakasema ameokoka. Mwenye chai alipewa benchi. Mpiga rangi viatu alipewa brashi na makopo mawili ya kiwi. Mimi nilijisemea kwamba mtu mzima anajua biashara yake, maneno ambayo huwa nayasema ninapokaribia kufaidika.

Buti ndizo zilikuwa za mwisho. Hizo hazikuwa za kuuza. Zilikuwa buti zake za kazi, alizovaa miaka kumi ya mwisho pale Luzira, ametia misumari mitatu kwenye kisigino cha kushoto kwa mkono wake. Zilikaa kwenye rafu ya juu, anazing'arisha kila Jumamosi, na mteja akiziulizia aliambiwa, "Hizo ni mimi. Mimi siuzwi." Alhamisi moja alizishusha, akazifunga kamba pamoja, akaziweka juu ya mapazia yangu.

"Chukua, Hajati."

"Bei gani?"

"Sema wewe."

Nilisema kumi na tano. Nilisema kama mtu anayefungua ngoma, si kwamba ndiyo bei. Nilishapanga: atanitukana, atasema themanini, nitamwambia kwamba wenye miguu kama hiyo wamekwisha Kampala, tutakutana arobaini na tano na wote tutajisifu.

"Lete," akasema.

Nikampa. Akazikunja noti bila kuzihesabu. Afande, bila kuhesabu. Na mimi, Mungu wangu anajua, niliona, nikaona vizuri, na nilichofikiri ni kwamba nimepata faida kabla ya adhuhuri. Jumamosi nilimuuzia zile buti mlinzi mmoja wa getini, nisiyemjua, kwa elfu sitini na tano. Jumamosi hiyo Afande hakuja sokoni. Jumapili hatufungui. Jumatatu asubuhi nilikuwa nyumbani nakata mche wa sabuni kwa uzi, kipande changu, kipande cha jirani aliyechangia, naangalia kwa makini kisizidi cha jirani. Uzi ulipofika katikati mikono yangu ikasimama.

Nilichukua boda mpaka Bwaise. Sikupatana nauli. Ndiyo mara pekee.

Mlango ulikuwa wazi. Mvua ya Jumapili ilikuwa imeingia na kutoka. Ukutani kuna mstari wa matope usawa wa goti. Viatu vyote alivyobakiza vilikuwa sakafuni, vimeelea vikatua popote, vya kushoto na vya kulia vimechanganyika. Hakupandisha hata kimoja. Alikuwa kwenye kiti cha arobaini, suruali imelowa mpaka magotini na kukaukia mwilini, ananitazama kama ninayetazamwa kwa mbali.

Tumefundishwa kwamba mwanamume haulizwi mambo hayo. Nilimuuliza. "Afande, unataka kufa?"

Alifikiri, kama mtu anayetafuta chenji.

"Hesabu imenichosha, Hajati," akasema. "Kila nikihesabu, kuna mtu hayupo."

Nilikaa kitandani mpaka jioni. Nilimwambia mpangaji wa jirani, fundi baiskeli, alale naye, akalala. Mkanda na vitu vingine vya chumbani nilivifunga kwenye pazia nikaondoka navyo. Afande aliniona ninavyofanya, akaitikia kwa kichwa taratibu. Alinielekeza kimoja nilichosahau.

Ndugu yake alifika kutoka kaskazini na mbuzi na kuku. Mtu mwema, mkulima, alijua kitu kimoja: marehemu mkewe ana neno analodai. Mbuzi alichinjwa uani, maneno yakasemwa, Afande akaruka damu alipoambiwa aruke na akala alipoambiwa ale. Sitawacheka. Usiku ule alilala saa tano mfululizo, labda kwa sababu palikuwa na watu. Halafu mchungaji wa mtaani alikuja na mafuta, akamwamuru yule pepo wa uvivu atoke. Afande alisimama wima, mikono ubavuni, kama gwarideni, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye ndevu. Mchungaji alipomaliza, Afande akauliza kama anaweza kukaa.

Zilikuwa zimepita siku saba. Nikasema sasa tunakwenda ninapopajua mimi.

Mahali pekee nilipowahi kusikia mtu akiulizwa habari za moyo wake ni kliniki ya akina mama wajawazito, mwanangu alipokuwa na mimba. Kuna nesi pale, mwanamke mnene wa sauti ndogo, anauliza kila mmoja: unalala? unakula? unalia? Kwa hiyo nilimpeleka Afande kwenye foleni ya wajawazito. Alikaa kati ya matumbo kumi na mawili, mrefu, kofia magotini. Wanawake walisogea kumpa nafasi. Mmoja akamuuliza, "Mzee, wewe miezi mingapi?" Benchi zima likacheka, na Afande, kwa mara ya kwanza tangu mvua, akajibu. Akasema, "Mwaka na miezi miwili." Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Ndio muda ambao mkewe alikuwa chini ya udongo.

Nesi alisema hapa si mahali pake. Nikamwambia muulize tu. Akauliza.

"Unalia, mzee?"

"Hapana."

"Unajisikia huzuni?"

"Mgongo."

"Unaogopa kitu?"

"Mimi ni askari."

Nesi akaniangalia kama kusema, unaona? Majibu yote ni ya mtu mzima wa afya. Maswali yale yalikatwa kwa kipimo cha mwanamke, na Afande hakuingia hata mkono mmoja.

"Ameacha kubishana bei," nikasema.

"Nini?"

"Anauza viatu Owino. Miaka kumi na nne sijamwona akikubali bei ya kwanza. Sasa mteja akisema kumi anasema lete. Ameniuzia buti zake mwenyewe. Amegawa brashi." Na hapo sauti yangu ikakatika, mimi ninayeuza kwa sauti. "Nesi, huyu anagawa sabuni."

Nesi aliweka kalamu chini. Akamgeukia Afande, akauliza tena, polepole, maswali mengine yasiyokuwa kwenye karatasi yake. Sikuyasikia, nilitoka nje. Ila nilimwona kupitia mlangoni akivua kofia.

Karatasi aliyotuandikia ilikuwa ya hospitali kubwa ya akili, upande wa ziwa. Njia ni ile ile ya Luzira. Mjini ukisema mtu amepelekwa upande ule, watu wanauliza: jela, au kule kwingine? Ukisema jela, wanashusha pumzi. Ndugu yake alinivuta pembeni, jasho limemtoka. "Mama, nakuomba. Sokoni tuseme amekamatwa."

Tukasema amekamatwa. Ugomvi wa deni, tukasema. Na soko likafanya ambalo lisingefanya kwa ukweli: likachanga. Waliosema mlevi, waliosema mvivu, aliyerushiwa kiatu mwenyewe, wote walikuja kibandani kwangu na kitu cha kumpelekea mfungwa. Na mfungwa unampelekea nini? Nilibeba miche kumi na mmoja ya sabuni ndani ya mfuko wa mashuka. Niliihesabu mara mbili kwenye gari.

Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha jengo, amevaa nguo za kule, anatetemeka mikono kidogo kwa dawa. Nilimpangia ile miche mbele yake bila kusema inatoka wapi. Aligusa mmoja kwa kidole.

"Nani amewaambia?" akauliza.

"Nani amewaambia nini?"

"Sabuni."

"Wanadhani uko ng'ambo ya pili ya barabara, jela."

Kitu kilipita usoni mwake, sikuthubutu kukiita kicheko. Akavuta mfuko karibu na mguu wake. Niliondoka nikiwa na swali moja tu, na wiki ile sikulala nalo vizuri. Nilimwachia muuguzi namba yangu nikamwomba: usiniambie anakula wala analala. Niambie anafanyia nini ile sabuni.

Alipiga siku ya nane. Alikuwa na malalamiko. Mzee wenu, akasema, amegombana na mgonjwa wa kitanda cha pili. Anadai mche wake mmoja umepungua. Ameamka saa kumi na mbili, ameamrisha wodi nzima isimame kando ya vitanda, amehesabu, na amekataza chai isinywewe mpaka upatikane.

Nilikuwa katikati ya kuuza pazia. Niliketi juu ya robota na nikalia mpaka mteja akaniongezea elfu tano bila kuombwa. Nilizichukua.

Ametoka miezi mitatu sasa. Bado hajawa yule. Kuna siku anakaa na uso umefungwa kama kibanda cha sikukuu, na kila mwezi ana tarehe ya kurudi kule, na ndugu yake bado anasema kijijini kwamba ni ya kuripoti polisi. Meza yake ina viatu tisa. Wateja wachache wapya anawatajia bei na wakipunguza anaachia upesi mno, kisha ananitazama kama mwanafunzi aliyekosea.

Jumamosi iliyopita alikuja mbele ya mapazia yangu, amevaa ndala, akatoa noti kumi na tano za elfu moja moja, akazipanga.

"Buti zangu."

Ningeweza kusema mengi. Mdomo wangu ukasema, "Thelathini."

Alinyanyua shingo. Nililiona lile lango la zamani likifunguka nyuma ya macho yake, kwa shida, kama lenye kutu. "Thelathini! Umeziongezea miguu?"

"Nimezitunza. Utunzaji ni pesa."

"Ulizipata kwa kumi na tano. Mwizi. Mwanamke aliyesali asubuhi hii!"

"Ishirini na tano."

"Kumi na sita, na shukuru sikudai za matope uliyokanyagia chumbani kwangu."

Mwenye chai aliacha kumimina. Mzee wa safu akasogea. Afande aliondoka hatua moja, mbili, tatu, nne. Na mimi, ambaye sijawahi kumwita mteja akarudi, niliita. Tulifunga kwa elfu kumi na nane. Akazihesabu kiganjani kwangu, akazichukua, akazihesabu tena, akanirudishia.

"Ziko nyumbani," nikasema. "Jumamosi."

"Jumamosi," akasema. "Nisipozikuta, nakuja na Jumamosi nyingine, na nyingine. Wewe hunijui mimi nikidai."

Tangu siku hiyo nazunguka mji huu nikitazama miguu ya walinzi. Benki, vituo vya mafuta, mageti ya shule. Nainama kama mtu aliyepoteza pete. Misumari mitatu, kisigino cha kushoto. Sijaziona. Leo ni Alhamisi. Zile elfu kumi na nane nimezifunga kwenye kitambaa peke yake na siwezi kuzitumia.

Amekwisha kununua kiwi. Nimemwona.

Kwa hiyo wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ambaye huna faida kwenye hili, nishauri. Nimwambie keshokutwa kwamba nilimuuza siku mbili baada ya kumnunua, na kwa bei gani? Au niendelee kumwambia njoo Jumamosi, njoo Jumamosi, maadamu anakuja?